Kopo Nililosema Limeisha

Kibosho, Jumapili jioni

Ndeshi mwanangu,

Sabuni, soksi, dawa ya malaria, namba ya simu ya shangazi yako, usinunue nyama za njiani, usimpe mtu begi akushikie: hayo yote mama yako ameshakuambia mara tatu, na sasa hivi namsikia jikoni anaanza mara ya nne. Mimi sina la kuongeza hapo. Ninalo langu moja tu, na hii ni karatasi ya nne naanza. Tatu za kwanza nimezichana, maana kila moja ilianza vizuri ikaishia kwenye uongo.

Ninaandika kwa sababu mdomo wangu haufai kwa kazi hii. Unaujua. Naweza kumchekesha mgeni aliyevimba miguu mpaka akasahau kwamba amebakiza siku mbili za kupanda, lakini neno la kweli likinifika kooni linageuka mzaha. Sababu nyingine si ya heshima, nayo nitaisema. Leo baada ya misa bibi yako aliniita nyuma ya zizi. Aliniambia kwa Kichagga, nakuwekea kwa Kiswahili: "Mtoto huyu haondoki hapa na mzigo wako. Kesho nitamsindikiza mpaka barabarani. Basi likifika hujamwambia, nitamwambia mimi, na watu wasikie." Mama yangu hajawahi kutisha mtu kwa jambo asiloweza kulifanya. Kwa hiyo usinihesabie ushujaa wowote katika barua hii, maana nimesukumwa.

Wewe hukumchoma bibi yako. Nilimchoma mimi.

Nimeliandika hilo, nikatoka nje, nikasimama kwenye migomba kama mtu aliyesahau alichofuata. Nimerudi, bado lipo kwenye karatasi. Basi tuendelee.

Najua utabisha. Utasema, "Baba, mimi ndiye niliyeshika koki." Ni kweli uliishika hiyo koki ya kufungulia gesi. Ulikuwa na miaka saba na ulikuwa hushiki kitu kingine nilichotoka nacho mlimani ila kile kijiko, jiko lile dogo la miguu mitatu linalokaa juu ya kopo la gesi. Ulikuwa unaliita "mtoto wa jiko". Lakini kuishika koki hakukumuunguza mtu. Ili ulielewe hili vizuri lazima nikueleze tabia ya gesi ile, jambo ambalo kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikiwaeleza wapagazi wote wa mlima huu isipokuwa mtu wa nyumbani kwangu.

Nilipoanza kupanda mlima, bei ya kahawa ilikuwa imeshatuvunja moyo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vya nje vinaingia kila siku, wageni wanaongezeka, na kila kijana wa Kibosho mwenye shingo imara alikwenda kwenye geti la mlima kuomba mzigo. Nilibeba mizigo misimu miwili. Tulikuwa tunapikia mafuta ya taa, yale majiko ya kupampu yanayonguruma na kukupaka masizi mpaka puani. Kisha wageni wakaanza kuja na makopo yao. Kopo dogo, linaenea kwenye kiganja, unalifunga kwenye kijiko, unawasha kiberiti, chai. Hakuna moshi, hakuna kupampu. Mimi niliyapenda kabla hata sijajua yanafanyaje kazi, kama mtu anavyompenda msichana aliyemwona akipita barabarani.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Tarimo, mpishi mkuu wetu, mtu wa maneno machache na sufuria safi. Makopo ya siku zile yalikuwa ya kutoboa: ukilibana kopo kwenye kijiko, sindano iliyomo ndani inalitoboa juu, na tangu hapo hutakiwi kulitoa mpaka gesi iishe kabisa, kwa sababu tundu halina kizibo. Ukilitoa mapema inamwagika yote kwa mkupuo. Hilo kila mtu alilijua. La pili walilijua wachache. Kambi ya mwisho kabla ya kilele, baridi inapokaza alfajiri, mwali unapungua, unakuwa wa bluu mdogo, unazimika. Unatikisa, unajaribu tena, hakuna kitu. Unaapa kopo limeisha. Mzee Tarimo akaniambia, "Halijaisha hilo, limelala. Gesi hii ikipata baridi inalala humo ndani. Ukifika nayo chini kwenye joto itaamka. Usilifungue kopo lililotoka juu mpaka umeliacha juani siku nzima, umelifungulia koki, umelisikiliza. Na ulifungue uwanjani, mbali na moto." Aliyasema hayo mara moja tu, huku anasugua sufuria. Mimi niliyasikia vizuri sana. Nakuomba ulishike hilo, kwamba nilikuwa najua.

Sasa turudi siku yenyewe. Ulikuwa mwezi wa saba, ile baridi yenye ukungu mpaka mchana. Nilishuka na zawadi. Mgeni mmoja alinipa kijiko chake, kopo likiwa bado limefungwa humo, na kopo lingine jipya pembeni. Kule juu kopo la kwanza lilikuwa limezimika mikononi mwangu nikiwachemshia wageni maji ya usiku wa kilele, kwa hiyo kwangu mimi lilikuwa limeisha. Niliteremka toka getini kwa miguu naimba. Nilikuwa nimeambiwa wiki ile ile kwamba safari ijayo nitakuwa msaidizi wa jikoni, sibebi tena mizigo ya watu, nitapika. Nilitaka mtu anione.

Mama yako alikuwa sokoni Kiboriloni na ndizi zake. Nyumbani mlikuwepo wewe na bibi tu. Bibi alikuwa jikoni, ameinama kwenye mafiga anakoroga mtori. Nikaingia na kile kijiko nikamwambia, "Mama, weka mwiko chini, leo nakuchemshia chai ya Wazungu, dakika tatu." Yeye akasema, "Dakika tatu unazo wewe, mimi nina ndizi zinaungua." Nikacheka. Nikakaa kwenye kigoda, karibu kabisa na moto, kwa sababu nilikuwa nasikia baridi na kwa sababu mjinga hukaa anapojisikia.

Wewe ulichuchumaa mbele yangu. Ukaishika ile koki ukaizungusha kidogo, ukaweka sikio. Kisha ukanitazama ukasema, "Baba, linapumua."

Ndeshi, nimelisikia neno hilo kila siku tangu siku ile. Ulisikiliza kama Mzee Tarimo alivyoniagiza nisikilize mimi. Mtoto wa miaka saba alifanya kazi ya mpishi, na mpishi akafanya nini? Nikakwambia, "Limeisha hilo. Toa mkono." Nikaifunga koki mwenyewe, na baada ya kuifunga nikalishika kopo kwa mkono wa kushoto na kijiko kwa mkono wa kulia, nikalitoa.

Gesi ilitoka kama maji ya mfongo, mfereji wa shambani, ukiondoa jiwe. Nililihisi baridi kwenye vidole, baridi ya kuuma, halafu nikaona ukungu mweupe unakwenda chini chini kuelekea kwenye mafiga, nami nimelishika kopo tu, sikulitupa. Hilo ndilo kosa ndani ya kosa. Mlango ulikuwa nyuma yangu, hatua moja. Ningelitupa nje. Nilibaki nimelishika kwa sababu sikuamini kwamba kitu nilichosema kimeisha kinaweza kunijibu. Moto ulikwenda wote upande wa bibi. Mkono wake wa kushoto, shingo, sikio. Nikamvuta, nikamzungushia gunia, nikamwaga maji ya ndoo yote. Wewe ulikuwa ukutani umejibana, hukulia.

Majirani walipoingia, kopo liko sakafuni, bibi anagumia taratibu. Na mimi nikapaza sauti: "Nani alichezea hili jiko?"

Sikukutaja, unaona ujanja wa mtu mwoga. Niliuliza tu. Wewe ukanyoosha mkono kama darasani ukasema, "Mimi." Mama Aisia wa jirani akakushika bega akasema, "Pole, mtoto, hukujua." Watu wote wakakutazama wewe, na hakuna aliyenitazama mimi tena.

Ningeweza kukwambia kwamba nilichanganyikiwa. Kwa dakika tano za kwanza ni kweli. Lakini jioni yake nilikuwa na akili zangu. Kesho yake nilikuwa na akili zangu. Siku ya tatu Mzee Tarimo alikuja nyumbani kuuliza hali ya mgonjwa, akaliokota lile kopo uwanjani, akaligeuza, akaona tundu, akaniuliza tukiwa wawili, "Ulilifungua wewe?" Nikamjibu, "Mtoto alichezea koki, mzee." Akalitazama tena tundu, maana kuchezea koki hakutoi kopo kwenye kijiko, na mtu wa miaka ishirini jikoni anajua. Akasema, "Watoto." Safari iliyofuata nikawa msaidizi wa jikoni, na baada ya miaka miwili yeye akastaafu, nikashika jiko mimi. Kila sahani niliyopika mlimani ilikaa juu ya jibu lile. Mpishi aliyemuunguza mama yake mwenyewe asingepewa jiko, nilijua hivyo, na nililitaka jiko kuliko nilivyotaka wewe uwe na amani. Nimeandika sentensi hiyo polepole kwa sababu ni ya kweli.

Hapo ningeweza kuishia, ubaya ungetosha. Lakini kuna jambo la sale, na bibi ameniambia nisiliruke.

Unajua desturi yetu. Aliyekosa anakata jani la sale mpakani mwa shamba, anampelekea aliyekosewa, na aliyepelekewa sale hana ruhusa ya kukataa. Hata kama ni mauaji, ukishika lile jani umesamehe. Bibi aliporudi kutoka hospitali mkono umefungwa, wajomba walikaa wakasema mtoto naye afundishwe, apeleke sale. Mimi ndiye niliyekata. Nilikwenda mpakani na panga, nikachagua jani zuri, refu, nikalifunga fundo, nikaliweka kwenye mkono wako. Nikakusukuma mgongoni kidogo, uingie. Ulipiga magoti ukasema, "Bibi, nisamehe, sitarudia." Bibi alilipokea kwa mkono mzima. Ila alikuwa ananitazama mimi, juu ya kichwa chako, muda wote ule.

Alikuwa ameniona, Ndeshi. Alikuwa ameinama, ameugeuza uso, nami nikajidanganya kwamba hakuona. Aliona mikono yangu kwenye kopo. Miaka kumi na moja amekaa na jani la msamaha alilopewa na mtu asiye na kosa, akingoja mwenye kosa alete lake. Leo nilipomuuliza, "Kwa nini hukusema, mama?" alisema, "Nilidhani nilizaa mtu mzima. Nikawa nasubiri akue."

Wewe nawe ulikua mbele ya macho yangu. Ulianza kumenya ndizi za bibi kwa sababu vidole vyake viwili viligandana na kisu hakimkai. Wenzako walikuwa wanacheza rede barabarani, wewe unamwosha shingo. Mpaka kidato cha pili hukuwa umewasha kiberiti, ulikuwa unamwita mama yako. Ukafungua redio yangu iliyokufa ukaitengeneza, ukafungua pasi ya jirani, ukaanza kuletewa saa na tochi na watu wa mpaka Machame, nami nikawa najigamba kwamba umerithi mikono yangu. Mwalimu wako wa hesabu akaja hapa kwa miguu, akakaa kwenye kiti hicho, akasema huyu binti aende kidato cha tano, aende mpaka uhandisi. Ukamjibu kwa adabu kabisa, "Nataka uuguzi, mwalimu." Na ulipokuwa unasema, macho yako yalikuwa kwenye mkono wa bibi. Niliona. Nikamkaribisha mwalimu ndizi, nikabadilisha mazungumzo.

Juzi ulikuwa unafunga begi na rafiki yako Mary, dirisha liko wazi. Ukamwambia, "Nikishavaa zile nguo nyeupe, bibi atakuwa amelipwa." Nilikuwa nje nanoa panga. Bibi alikuwa kwenye benchi. Wote wawili tulisikia. Mficha maradhi kifo humuumbua, wamesema wazee, lakini hawakusema habari ya maradhi unayomwambukiza mtoto wako yeye afe kwa niaba yako. Sikutegemea kwamba ungeyajenga maisha yako yote juu ya kopo langu. Bibi akaniangalia. Ndipo nilipojua siku zangu zimekwisha, na leo akaniita nyuma ya zizi.

Sasa mambo yalivyo. Basi linapita saa kumi na mbili asubuhi. Chuo kimekupokea, nafasi yako ipo. Jana nilikwenda kwa mwalimu wako bila kukuambia, amesema ile nafasi nyingine ya kidato cha tano bado iko wazi mpaka mwisho wa mwezi, naye yuko tayari kuandika barua. Mimi sikuchagulii, nimeshakuchagulia mengi. Kama uuguzi unaupenda, panda basi, na uuguze watu kwa moyo wako wote. Nimeona mikono yako ilivyo myepesi kwenye kidonda. Lakini kama unakwenda kwa sababu ya bibi, basi ujue bibi hakudai. Amesema niandike hivi: "Mwambie mimi sihitaji muuguzi. Mkono wangu umeshapona zamani, kilichobaki ni kovu, na kovu haliumi." Nimeandika. Ananitazama hapa kwenye mlango, hasomi lakini anahesabu mistari.

Mama yako hajui. Nitamwambia ukishasoma wewe, kwa sababu wewe ndiye mwenye haki ya kwanza. Mzee Tarimo nitamfuata Umbwe wiki hii, ingawa nadhani yeye sitamwambia kitu kipya. Na kwa bosi wangu pia nitakwenda. Akininyang'anya jiko, sawa. Shingo yangu bado inabeba.

Utajiuliza ulikosa nini wewe, kwa miaka yote ile uliyolala umejikunja. Hukukosa kitu. Ulisema linapumua, na lilikuwa linapumua. Siku yoyote mahali popote, ukikisikia kitu kinapumua na mkubwa akakwambia kimeisha, amini sikio lako. Huo ndio ushauri pekee nilionao, na hata huo ni wako.

Bibi ameniuliza kama nitaweka sale ndani ya bahasha. Nilikwenda mpakani jioni hii na panga, nikasimama mbele ya mche ule ule niliokata zamani, umekua mrefu kuliko mimi. Sikukata. Nikikuletea sale hutakuwa na ruhusa ya kukataa, na mimi tayari nilikulazimisha kuomba, siwezi tena kukulazimisha kutoa. Kaa na hasira yako mpaka utakapoichoka mwenyewe. Ukiichoka baada ya mwaka, sawa. Usipoichoka, hiyo nayo ni haki yako, nami nitabaki baba yako ninayekuomba kwa mdomo mtupu: nisamehe, Ndeshi. Nilikuacha peke yako ukiwa na miaka saba.

Barua hii sitaitia begini uikute mbali. Nitakupa mkononi saa kumi na moja, kabla ya chai, na nitakaa mbele yako mpaka umalize. Kwa misimu miwili nilibeba mizigo ya watu nisiowajua majina bila kuulizwa. Begi lako kesho sitaligusa mpaka wewe uniambie.

Baba yako